Kabla Hujapeleka Kope Zako kwenye Kisu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu (s.a.w.), leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hapa Kitswamba tungesema halituhusu. Ni upasuaji wa kope za juu za macho. Mtu akilisikia neno hili anafikiria matajiri wa Dubai na waigizaji wa filamu. Mimi pia nilifikiri hivyo mpaka jambo lenyewe lilipoingia nyumbani kwetu kupitia milango miwili kwa wakati mmoja. Nalieleza kwa sababu nilikosea, na nisingependa familia nyingine ikosee vivyo hivyo.

Mlango wa kwanza ni shangazi yangu. Ana umri wa zaidi ya miaka 60, na tangu tukiwa watoto tunamjua kama mtu anayesoma juzuu yake kila baada ya Alfajiri. Miaka michache iliyopita tukaanza kumwona anasoma huku kidole cha mkono wa kushoto kimeinua ngozi ya jicho. Ngozi ya kope zake za juu ilikuwa imelegea na kuning'inia hadi juu ya mboni. Jioni alikuwa akilalamika kwamba kichwa na paji la uso vinamuuma, kwa kuwa kutwa nzima alikuwa akiinua nyusi ili aone. Mtu mmoja aliyewahi kumpeleka mgonjwa wake kwa daktari wa macho akatuambia kwamba hilo linatibika kwa upasuaji mdogo. Tukakaa kikao cha familia, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Huo ni uzee, na kukata uso ni kubadilisha maumbile ya Allah." Wakubwa wakakubali. Shangazi akanyamaza. Baada ya hapo aliacha kusoma kwenye msahafu, akawa anasoma zile sura alizohifadhi tu. Kisha siku moja akajikwaa kwenye ngazi ya mlango, akavunjika mkono.

Mlango wa pili ni mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo Kampala. Huyu macho yake ni mazima kabisa. Kope zake zina umbo zito kidogo, kama za marehemu bibi yake, na tangu shule ya msingi watu wa nyumbani walikuwa wakimwita "Usingizi". Siku moja akanionyesha kwenye simu video za wasichana waliofanyiwa "kufungua macho", pamoja na tangazo la mahali fulani mjini wanapofanya kazi hiyo. Alikuwa ameshaweka akiba ya pesa ya malipo ya awali. Na hebu tazameni ajabu yetu: kwa shangazi, aliyekuwa akipoteza kuona, tulikataza kwa nguvu zote. Kwa mpwa wangu, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, wengine nyumbani walicheka tu wakasema vijana wa leo ndivyo walivyo.

Hukumu zote mbili tulizitoa bila kuuliza. Hatukumuuliza daktari, wala hatukumuuliza mwanachuoni.

Dini yetu inasemaje?

Mnakumbuka kisa alichokisimulia Jabir (r.a.), kilichopokewa na Abu Daud. Mtu mmoja safarini alijeruhiwa kichwani kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayammamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwakemea vikali wale waliotoa hukumu bila ujuzi, akawafahamisha kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Nilipokisoma tena kisa hiki baada ya shangazi kuvunjika mkono, niliona aibu. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wenzake wa safari.

Nikaenda kwa sheikh wetu, akanifafanulia kwa utulivu. Ni kweli kwamba katika Suratun Nisaa, aya ya 119, shetani anajitapa kuwa atawaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Ni kweli pia kwamba katika Hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja chale za rangi, wanaonyonyoa nyusi na wanaochonga mwanya kwenye meno kwa ajili ya urembo. Lakini wanavyuoni wameitazama sababu iliyotajwa humo, yaani urembo. Hawakumweka mgonjwa katika fungu hilo. Arfaja (r.a.) alikatwa pua vitani katika siku ya Kulab, akatengeneza pua ya fedha, nayo ikatoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Haya wameyapokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi kama pua ya dhahabu iliruhusiwa, vipi mama azuiwe kuinua ngozi inayomfunika macho?

Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jidda, lilikutana Putrajaya, Malaysia, na kutoa uamuzi namba 173 kuhusu upasuaji wa kurekebisha mwili. Kwa ufupi, uliruhusu upasuaji wa kurudisha kiungo katika hali yake ya kawaida au kukirudishia kazi yake, wa kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo, na wa kutengeneza yaliyoharibiwa na ajali, moto au maradhi. Na haukuruhusu upasuaji wa mtu mzima wa afya anayetaka tu kubadilisha sura ya kawaida kwa kufuata matamanio au kuiga wengine, na miongoni mwa mifano iliyotajwa ni kubadilisha umbo la macho. Hata pale panaporuhusiwa kuna masharti: daktari awe mjuzi na mwaminifu, manufaa yawe makubwa kuliko madhara, na mgonjwa aelezwe yote na aridhie.

Tena msidhani elimu hii ni ya wageni kwetu. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif namna za kutibu kope kwa upasuaji, na akachora picha za vyombo vyake. Ali ibn Isa wa Baghdad aliwaandikia madaktari wa macho kitabu kilichotumika kwa karne nyingi. Waislamu walikuwa wakitibu kope miaka 1,000 iliyopita, halafu mimi hapa Kitswamba nikamkataza shangazi kwa jina la Uislamu!

Jua kwanza kope imeshuka kwa sababu gani

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ndilo matangazo ya kwenye simu hayalisemi. Kope nzito ni dalili tu, na sababu zake ni nyingi.

1. Ngozi iliyozidi. Umri ukienda, ngozi ya kope hulegea na mafuta yaliyo nyuma yake husogea mbele. Hapa ndipo upasuaji wa kukata ngozi unapofaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi.

2. Msuli uliolegea. Ndani ya kope ya juu kuna msuli unaoinyanyua. Ukinyooka au ukiachia, ukingo wenyewe wa kope hushuka hata kama ngozi haikuzidi. Huyu ukimkata ngozi tu hujamtibu. Ni msuli unaotakiwa kukazwa, na hiyo ni kazi ya mtaalamu zaidi.

3. Nyusi zilizoshuka. Wengine kope zao hazina tatizo, ila nyusi zimeteremka zikazisukuma chini. Ukikata ngozi ya kope hapo, nyusi zitashuka zaidi.

4. Maradhi mengine. Kope inayokuwa nafuu asubuhi na kushuka jioni, pengine pamoja na kuona vitu viwili viwili au kuchoka kutafuna, inaweza kuwa ugonjwa wa udhaifu wa misuli unaotibiwa kwa dawa. Ugonjwa wa tezi ya shingo nao hubadilisha kope, na uvimbe huweza kuishusha.

5. Kope ya kuzaliwa nayo. Mtoto anayezaliwa na kope iliyoshuka ikafunika mboni asisubirishwe mpaka akue. Jicho lisilopata mwanga wa kutosha utotoni halijifunzi kuona, na uoni uliopotea kwa njia hiyo ni mgumu kurudishwa ukubwani. Wazazi wa Bwera, Maliba, Hima na kwingineko, mpelekeni mtoto huyo kwa daktari wa macho mapema. Yeye anaihitaji tiba hii kuliko mtu yeyote mwenye simu Kampala.

6. Hali za dharura. Kope ya upande mmoja ikianguka ghafla pamoja na maumivu makali ya kichwa, kuona viwili viwili, au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Na sisi watu wa mashamba tukumbuke hili pia: mtu aliyeumwa na nyoka akianza kulegea kope zote mbili, huenda sumu inashika misuli, na baada ya kope huweza kufuata pumzi. Usimchanje wala usimfunge kamba. Mpeleke hospitali haraka.

Njia rahisi ya kuanzia nyumbani ni kutafuta picha zako za zamani, kama ile ya kitambulisho cha taifa au ya harusi, ukazilinganisha na uso wa leo. Kama kope zako zilikuwa hivyo tangu ukiwa na miaka 10, hilo ni umbo lako na la bibi yako. Kama zimebadilika, jiulize zimebadilika lini na kwa kasi gani. Peleka picha hizo kwa daktari, zitamsaidia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa shilingi

Kwanza, anayekata ni nani? Daktari yeyote nchini Uganda anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, na awe na leseni ya mwaka. Kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Kwa kope tafuta daktari bingwa wa macho au bingwa wa upasuaji wa kurekebisha mwili, na muulize ameshafanya ngapi za aina hii. Saluni si mahali pa kukata kope, hata kama ina kiti cheupe na taa kali. Mwaka 2024 huko Nairobi mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini, na mamlaka ya Kenya ikaagiza kliniki husika ifungwe. Mwanamke yule hakuwa mgonjwa alipoingia.

Pili, nimepimwa nini? Daktari makini hatakimbilia kisu. Atapima uoni wako, upana wa eneo unaloliona juu na pembeni, nguvu ya msuli wa kope, na kama macho yako yana machozi ya kutosha. Mwenye macho makavu anaweza kuwa na hali mbaya zaidi baada ya upasuaji. Atapima presha na sukari. Atauliza dawa unazotumia, hasa aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda, na hata mitishamba, maana mingine huzidisha kutoka damu. Mwambie ukweli wote. Lakini dawa ya moyo usiiache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia ndiye aseme. Kama mwili wako huota makovu yanayovimba, mwambie. Na akina mama na akina dada, kama mnatumia krimu za kung'arisha ngozi usoni, semeni bila kuficha. Nyingi zina dawa kali zinazofanya ngozi iwe nyembamba, na zile zenye steroidi zikitumika karibu na macho kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Tatu, atakata kiasi gani? Kwa kawaida kazi hii hufanywa kwa sindano ya ganzi mgonjwa akiwa macho, na humalizika kwa saa moja hivi au zaidi kidogo. Daktari huchora mstari kabla ya kukata. Madaktari wengi hufuata kanuni ya kubakiza takriban milimita 20 za ngozi kati ya ukingo wa kope na nyusi. Akikata zaidi, jicho halitafunga vizuri, na jicho lisilofunga hukauka, huumia na huweza kupata kidonda. Ngozi iliyobaki unaweza kuipunguza siku nyingine, lakini iliyokatwa hairudi. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba atakata mpaka uwe na macho makubwa kama ya fulani, mkimbie.

Nne, hatari yake ni ipi? Uvimbe na weusi wa damu ni kawaida kwa wiki 1 hadi 2. Nyuzi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7 hivi. Kovu hujificha kwenye mkunjo wa kope, lakini huchukua miezi kutulia. Huweza kutokea maambukizi, macho kukauka, au kope moja kutofanana na nyenzake. Hatari kubwa kabisa ni damu kuvuja nyuma ya jicho na kuubana mshipa wa kuona. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kwa kuwauliza madaktari wa Marekani ulikadiria kwamba hilo hutokea mara 1 katika kope 2,000, na kupoteza kuona moja kwa moja ni mara 1 katika 22,000. Ni nadra, alhamdulillah. Lakini hayo ni mahesabu ya madaktari bingwa wenye vyumba vya upasuaji vilivyokamilika. Kwa mtu wa uchochoroni hakuna aliyehesabu.

Tano, nitalala wapi? Swali hili linatuhusu sana sisi tunaokaa mbali. Damu nyuma ya jicho, ikitokea, mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za kwanza. Tiba yake ni ya saa chache, si ya kesho. Dalili zake ni maumivu makali yanayozidi, jicho kujitokeza mbele na kuwa gumu, na kuona kupungua. Basi fikirieni mtu aliyekatwa kope Kampala mchana, akapanda basi la usiku kurudi Kasese, zaidi ya kilomita 300. Ikitokea njiani nani atamsaidia? Weka katika bajeti yako usiku 1 au 2 karibu na hospitali, mtu wa kukusindikiza, nauli ya kurudi kutoa nyuzi, na dawa za matone. Kama pesa zako zinatosha kukata tu, basi hazijatosha.

Tena si lazima uanzie Kampala. Huku kwetu kuna Hospitali ya Kagando kule Kisinga inayohudumia macho, na Mbarara kuna kituo cha macho cha Ruharo kinachojulikana nchi nzima. Anzia karibu upimwe. Wao watakuambia kama unahitaji kwenda mbele zaidi, kwa mfano Mulago, Mengo, au CoRSU kule Kisubi panapofanywa upasuaji wa kurekebisha mwili tangu mwaka 2009.

Ibada baada ya upasuaji

Shangazi alipokubali hatimaye kwenda, swali lake la kwanza halikuwa la maumivu. Alisema, "Mwanangu, nitatawadhaje?" Nikalipeleka kwa sheikh, na majibu nayaandika kwa sababu wengi watayahitaji.

Daktari akizuia maji yasiguse kidonda, utaosha sehemu nzima zilizosalia. Penye kidonda patakuwa na hukumu ya kupangusa juu ya bendeji au kutayammamu, kwa maelezo ya kila madhehebu. Muulize sheikh wako kwa hali yako mwenyewe. Siku za mwanzo daktari humkataza mgonjwa kuinama, maana kuinamisha kichwa huongeza msukumo wa damu usoni. Hapo atasali kwa kukaa na kuashiria rukuu na sijida. Imran bin Husayn (r.a.), aliyekuwa na maradhi, alifundishwa na Mtume (s.a.w.) asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Ruhusa hiyo ni zawadi, tusiikatae.

Kama si dharura, panga tarehe nje ya Ramadhani ili ule na unywe dawa bila wasiwasi. Lakini matone ya jicho peke yake hayafunguzi kwa madhehebu yetu ya Shafi, na hata Baraza lile la Jidda lilisema hivyo mwaka 1997. Mwanamke akipata daktari mwanamke mwenye ujuzi ni bora. Asipompata, haja inaruhusu wa kiume, na aende na mahram wake.

Kwa kazi za nyumbani, wiki 2 za kwanza hakuna kubeba dumu la maji wala mkungu wa matoke, wala kuinama na jembe. Kaa mbali na moshi wa kuni. Lala kichwa kikiwa juu. Usipake wanja mpaka daktari aruhusu, na hata baada ya hapo uwe mwangalifu, kwani baadhi ya wanja unaouzwa sokoni umekutwa na risasi, madini yenye sumu, hasa kwa watoto. Na kwa kuwa tunaishi kandokando ya mstari wa Ikweta, jua letu ni kali. Kinga kovu kwa kofia au mtandio.

Yaliyotokea kwetu

Shangazi alifanyiwa upasuaji akiwa macho, anasoma adhkari kimya kimya. Sitawadanganya kwamba yote yalikuwa mepesi. Jicho la kushoto lilikuwa halifungi sawasawa kwa karibu wiki 3, ikabidi atiwe matone kila saa chache na kulipaka dawa usiku. Kovu la upande mmoja bado unaliona ukimkaribia. Lakini amerudi kwenye msahafu wake, kidole kimeshuka. Siku ya kwanza aliposoma ukurasa mzima sikuweza kukaa chumbani.

Mpwa wangu nilimwomba jambo moja tu: aje siku ile ile apimwe pia. Daktari alimpima kwa makini kama alivyompima shangazi, kisha akamwambia kwamba kope zake zinafanya kazi yake vizuri, na kwamba yeye hatamkata. Nikadhani atafurahi. Alilia. Tulipotoka nje akaniambia, "Mjomba, wewe ulikuwa wa kwanza kuniita Usingizi." Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau kwa miaka 13.

Ndugu zangu, Suratul Hujuraat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Tunaisoma kwa sauti nzuri, kisha tunarudi nyumbani na kumwita mtoto Usingizi, Tembo au Mweusi. Mtoto huyo akikua na kutafuta mtu wa kumkata uso, tunamsomea aya ya shetani na kubadilisha maumbile. Tungeanza na ile ya Hujuraat. Mpwa wangu hajafanya upasuaji, ila pia hajaniambia kwamba ameacha wazo lake. Pesa bado anazo. Nimemwomba msamaha mbele ya nyumba nzima, na jina lile halitamkwi tena kwetu. Lililobaki namwachia Allah na yeye.

Kwa wanafunzi mnaosoma haya: kabla ya kuamini uso unaouona kwenye simu, kumbukeni kwamba kamera ya mbele ya simu iliyo karibu na uso hupotosha umbo, ikafanya pua kuwa kubwa na macho kuonekana vingine, na video nyingi zimepitishwa kwenye vichujio vya urembo. Msimkabidhi mtu macho yenu kwa ajili ya picha ambayo si yenu. Na kwa wazazi: mtoto akija na wazo hili, msimpige mayowe. Mpelekeni apimwe, kaeni naye, na jiulizeni alianza kujichukia kwa maneno ya nani.

Na kwa wale wenye mama, shangazi au babu anayeinua kope kwa kidole ili aone: msingoje aanguke. Muulizeni daktari, muulizeni sheikh, kisha mumsindikize.